Wasomaji wa mwanzo wa riwaya niliyojichapishia: nilivyowakosa na nilivyowapata

Ndugu zangu, salaam.

Siku niliyoitoa riwaya yangu ya kwanza nilituma tangazo lake katika makundi tisa ya WhatsApp, pamoja na picha ya jalada na kiungo cha kununulia, kisha nikakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Majibu yalikuja, tena mengi. Hadi usiku wa siku ya tatu nilikuwa nimehesabu pongezi 214, nyingi zikiwa ni "hongera sana" na vikaragosi vya mikono inayopiga makofi, na nakala zilizokuwa zimenunuliwa ni sita. Kati ya hizo sita, nne walinunua ndugu zangu wa damu, na mmoja wao hadi leo anaamini kuwa mhusika mkuu ni mwanamume.

Ninaandika uzi huu kwa sababu nimekuwa nikiulizwa swali lilelile na waandishi wanaojichapishia: "Kitabu kimetoka, sasa nakitangazaje?" Zamani ningejibu kwa kuzungumzia mabango, matangazo ya kulipia na ratiba ya kuweka picha mitandaoni. Siku hizi naona swali lenyewe limeanzia mwisho. Kwa miezi mitatu au minne ya mwanzo mwandishi ana kazi moja tu, nayo ni kuwatafuta watu wapatao thelathini wasiomjua, ambao kitabu hicho kinawagusa kwa namna fulani, na kuhakikisha kwamba wamekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Nimesema wasiomjua kwa makusudi. Anayekujua anakusoma wewe. Anaitafuta sauti yako ndani ya sentensi, anajiuliza kama shangazi yule mkorofi wa sura ya pili ni shangazi yako kweli, na akimaliza hawezi kumweleza mtu mwingine kitabu kinahusu nini bila kuanza na maneno "kuna rafiki yangu ameandika". Asiyekujua hana pa kuanzia ila kwenye hadithi.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba pongezi na usomaji ni vitu viwili. Mtu anapokupongeza kwa kutoa kitabu anapongeza tukio katika maisha yako, kama ambavyo angekupongeza kwa kupata mtoto au kumaliza masomo, na hakuna anayedhani kuwa kwa kukupongeza ameahidi kumlea huyo mtoto. Niliwanunia watu kwa wiki kadhaa bila sababu. Wao walikuwa wametimiza walichoombwa, kwa kuwa tangazo langu halikuwa limewaambia chochote kuhusu hadithi. Lilikuwa limewaambia kuhusu mimi.

Hatua ya kwanza iliyonisaidia ilitoka kwa mhariri niliyekuwa nimemlipa kuupitia mswada. Aliniuliza kitabu ni cha nani, nikamjibu kwa kujiamini kuwa ni cha kila mtu anayependa hadithi nzuri. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ukikosea humo ndani, ni nani atakayekasirika?" Riwaya yangu inamhusu muuguzi wa zamu ya usiku anayekuta barua katika koti la mgonjwa aliyefariki. Wa kukasirika ni wauguzi. Wasomaji wa kawaida wangepita juu ya kosa la utaratibu wa wodini bila kulihisi, lakini muuguzi angesimama hapohapo, na mtu anayesimama kwenye maelezo yako kwa sababu anayajua maisha hayo ndiye anayeweza kuwa msomaji wako wa kwanza.

Nilimtafuta muuguzi mmoja kupitia mtu wa tatu. Sikumwomba anunue. Nilimwomba asome sura ya tatu peke yake, kurasa kumi na moja, ambamo zamu inakabidhiwa na dawa zinahesabiwa, aniambie ni wapi nimedanganya. Baada ya siku mbili alinirudishia masahihisho kumi na manne. Mengine yalikuwa madogo, kama jina ninalokiita kitoroli cha dawa. Mengine yaliniumiza, kwa mfano aliponiandikia kuwa muuguzi aliye peke yake na wagonjwa ishirini na wawili hana nafasi ya kusimama dirishani akiutazama mwezi, na kwamba kama ameutazama basi kuna kengele ambayo hakuiitikia. Mwisho kabisa wa ujumbe, chini ya sahihisho la kumi na nne, alikuwa ameongeza sentensi moja: "Na hiyo barua aliiandika nani?"

Swali hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko zile pongezi 214. Nilimtumia kitabu kizima. Alikisoma kwa zamu mbili, akawapa habari wenzake wanne, na mmoja kati yao, ambaye sijawahi kumwona kwa macho mpaka leo, ndiye aliyenunua nakala tatu kwa mpigo, mbili za kugawa. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa na wasomaji kumi na mmoja niliowajua kwa swali walilouliza tu, wala si kwa sura zao.

Njia hii si uvumbuzi wangu. Lisa Genova, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alipokataliwa na mawakala wa waandishi alijichapishia mwaka 2007 riwaya yake Still Alice, inayomhusu profesa anayepatwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu polepole, akiwa na umri wa miaka hamsini. Hakuanza na wapenzi wa riwaya kwa ujumla wao. Alianza na watu waliokuwa wakiuishi ugonjwa huo majumbani mwao, akakipeleka kitabu kwa chama cha Marekani kinachoshughulika na Alzheimer, na chama hicho kikakiunga mkono. Mwaka 2009 shirika kubwa la uchapishaji likakitoa upya, na mwaka 2014 ikatoka filamu yake. Wengi huanza kuisimulia habari hiyo kwenye filamu. Mimi nawaomba mtazame mwanzo wake, alipokuwa na kitabu ambacho hakuna aliyekitaka, na akajua kwa hakika ni mlango gani wa kuubisha.

Sasa nizungumzie maelezo ya jalada la nyuma, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza wasomaji wengi bila kujua. Maelezo yangu ya mwanzo yalisomeka hivi: "Hii ni riwaya ya kusisimua inayogusa mapenzi, usaliti, familia na maana halisi ya maisha. Mwandishi anakuchukua katika safari ya hisia ambayo hutaisahau." Yasomeni tena taratibu, mniambie kama kuna riwaya yoyote duniani ambayo maneno hayo hayaifai. Nilikuwa nimeorodhesha mada, na hakuna mtu anayenunua mada. Baada ya kuhangaika kwa wiki mbili na matoleo kama kumi hivi, nilibaki na haya: "Saa tisa na dakika ishirini usiku, mgonjwa wa kitanda namba saba anakata roho. Hana ndugu, hana namba ya simu, hana hata mzigo isipokuwa koti. Muuguzi wa zamu anapolikunja anakuta bahasha mfukoni. Imeandikwa jina lake yeye." Basi. Sikueleza tena kwamba kuna usaliti. Nilipoyapeleka maneno hayo kwenye lile kundi la WhatsApp lililonipa pongezi nyingi kuliko yote, bila picha yangu na bila kutaja kuwa ni kitabu changu, watu saba waliuliza sehemu inayofuata iko wapi. Ni watu walewale, na hadithi ni ileile.

Kuhusu kutoa sura za bure, nina msimamo mmoja ambao najua wengine wataupinga. Usitume faili la PDF la kurasa arubaini kwa mtu ambaye hajakuomba. Mtu yuko kwenye foleni, simu yake imejaa, faili hilo litakaa bila kufunguliwa mpaka siku atakayofuta vitu ili apate nafasi. Mimi niliibandika sura ya kwanza kama ujumbe wa kawaida, maneno yapatayo mia tisa, nikaikata mahali ambapo muuguzi ameishika bahasha na mlango wa wodi unafunguliwa nyuma yake. Sisi tuliolelewa na hadithi za magazetini tunalijua neno "itaendelea" na tunajua namna lilivyotutesa. Tusione haya kulitumia. Andy Weir, ambaye alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, aliiweka riwaya yake The Martian, ya mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars, kwenye tovuti yake sura baada ya sura bila malipo, na wasomaji wakawa wanamsahihisha hesabu na kemia. Walipomwomba toleo la kusomea kwenye kifaa, aliiweka Kindle, duka la Amazon la vitabu vya kielektroniki, mwaka 2011 kwa bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Ilipotua hapo tayari ilikuwa na watu, na watu hao walijiona kuwa wana sehemu ndani yake, kwa sababu kweli walikuwa nayo.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi ni namna ya kuuliza. Ukimwuliza msomaji "umeionaje?" atakujibu "nzuri sana", na ninyi wawili mtaachana mkiwa mmedanganyana kwa adabu. Mimi huuliza, "Uliishia wapi ulipokiweka chini mara ya kwanza?" Swali hilo halimwaibishi mtu, kwa kuwa kila msomaji hukiweka kitabu chini. Kati ya wasomaji wangu kumi na mmoja, wanne walikuwa wamekiweka chini kati ya ukurasa wa 58 na wa 64, na wawili kati yao walikaa wiki nzima bila kukirudia. Nilipofungua kurasa hizo nilikuta historia ya hospitali tangu ilipojengwa, niliyoiandika kwa utafiti wa miezi minne na fahari isiyo kifani. Nikaikata ikabaki aya mbili. Hiyo ndiyo faida ya kujichapishia ambayo hatuitumii vya kutosha: faili ni lako, na kama nakala zako zinachapwa moja moja kadiri zinavyoagizwa, unaweza kusahihisha leo na atakayeagiza wiki ijayo akapata kitabu bora kuliko alichopata wa kwanza. Aliyechapa nakala elfu moja na kuzipanga chumbani hana nafasi hiyo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wasomaji wa mwanzo watangulie, kiwanda kifuate.

Nakaribisha maswali na mapingamizi.

—

Kinolewacho aliandika:

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye nyama. Hata hivyo nina wasiwasi na huu utamaduni wa kugawa bure. Nilitoa riwaya yangu mwaka juzi, nikawapa watu kumi nakala laini kwa nia njema ili wanipe maoni. Maoni niliyapata kwa wawili, na baada ya mwezi mmoja nikatumiwa kitabu changu mwenyewe kama zawadi na mtu asiyejua kuwa mimi ndiye mwandishi. Alikuwa amekipata kwenye kundi lenye watu mia tano. Je, hukuona kwamba unajichimbia shimo?

—

Mwanzilishi wa uzi alijibu:

Pole sana, ndugu yangu, ingawa nakiri nimecheka kidogo hapo kwenye zawadi. Changu pia kilivuja. Ninachokifanya ni kutofautisha vitu viwili ambavyo tumezoea kuviita "bure". Sura ya kwanza inagawiwa kwa yeyote, na nataka isambae mpaka nishindwe kuifuatilia. Kitabu kizima hakigawiwi ila kwa mtu ambaye tayari ameshaniuliza swali kuhusu hadithi, nami humpa kwa sharti dogo la wazi: aniambie alikiweka chini wapi. Ulipowapa watu kumi ambao hawajauliza chochote, uliwapa mzigo, na binadamu akipewa mzigo asioutaka humpasia mwingine.

Kuhusu kuvuja kwenyewe, sina dawa, na ninamtilia shaka anayedai kuwa nayo. Nilichokifanya ni kuongeza ukurasa mmoja baada ya mwisho wa riwaya, wenye sentensi tatu: kwamba kitabu hiki nimekichapisha kwa fedha zangu, kwamba aliyekipata bila kununua namkaribisha anunulie mtu mwingine nakala, na kwamba sura ya kwanza ya riwaya inayofuata atatumiwa kila atakayeniachia anwani yake ya barua pepe. Siwezi kudai kuwa wezi wote wametubu. Baadhi ya anwani zilizomo kwenye orodha yangu leo, hata hivyo, ni za watu ambao jina lao halimo katika mauzo popote.

Hiyo orodha, kwa njia, ndiyo mali pekee unayoweza kuhama nayo. Kundi la WhatsApp lina msimamizi wake na mtandao wa kijamii una mwenyewe, na siku akibadili utaratibu wa kuonyesha machapisho, wafuasi wako elfu nne hawatakuona. Ila muombe mtu ridhaa kabla ya kuingiza anwani yake. Mbali na kuwa sheria za nchi nyingi zinataka hivyo, mtu aliyeandikishwa bila kuulizwa hatafungua barua yako hata moja.

—

BintiRiwaya aliandika:

Kaka, nimeelewa habari ya wauguzi, lakini riwaya yangu ni ya mapenzi. Watu wawili wanapendana, wanaachana, wanarudiana. Hakuna fani ndani yake, hakuna ugonjwa, hakuna wa kukasirika nikikosea. Mimi nimtafute nani?

—

Mwanzilishi wa uzi alijibu:

Dada, wa kukasirika wapo, tena ni wakali kuliko wauguzi. Jaribu kuwaua wahusika wako wote wawili katika sura ya mwisho uone. Msomaji wa riwaya za mapenzi ana mkataba na mwandishi, ambao haukuandikwa popote, kwamba mateso yote ya katikati yatalipwa mwishoni, na anajua kwa jicho la haraka, kwa jalada na sentensi mbili za nyuma, kama mkataba huo utaheshimiwa. Kwa hiyo kazi yako ni rahisi kwa upande mmoja, maana wasomaji wako wameshajikusanya wenyewe mahali wanapojadili riwaya za aina hiyo. Ugumu ni kwamba wamechoka kuvamiwa na waandishi.

Fanya hivi. Tafuta riwaya mbili au tatu za miaka ya karibuni zinazofanana na yako kwa hali, wala si kwa umaarufu: kama yako ni ya mapenzi ya watu wazima waliowahi kuoana na wengine, tafuta hizo. Kisha soma maoni yaliyoandikwa chini yake. Waache walioandika "nimeipenda". Mtafute aliyeandika aya nzima ya kulalamika kwamba mwanamume alisamehewa upesi mno. Huyo ana kiu. Baada ya hapo mwandikie, na ujumbe usizidi sentensi nne. Mimi huandika hivi: "Nilisoma ulichosema kuhusu kusamehewa kwa yule bwana, na nakubaliana nawe. Nimeandika riwaya ambamo mwanamke anachukua miaka sita kusamehe. Kama ungependa, nitakutumia sura ya kwanza. Usipopenda, asante kwa kunifanya nifikirie." Kati ya watu kumi niliowaandikia kwa namna hiyo kwa niaba ya rafiki yangu, sita walijibu, na wanne walitaka sura ya pili.

Usiandike ujumbe mmoja ukautuma kwa watu hamsini. Watakujua.

—

MzeeWaJalada aliandika:

Naomba nipingane kwa heshima. Mwanzilishi wa uzi anazungumza kana kwamba uzinduzi ni upuuzi. Mimi nilifanya uzinduzi wa riwaya yangu, nikaalika watu, nikasoma dondoo mbele yao, na siku hiyo moja niliuza nakala 90. Nionyeshe mbinu ya kumwandikia mtu mmoja mmoja inayouza nakala 90 kwa saa tatu.

—

Mwanzilishi wa uzi alijibu:

Mzee wangu, sijasema ni upuuzi, na nakala 90 si mchezo, hongera. Niruhusu niulize jambo moja tu. Mwezi uliofuata ziliuzwa ngapi?

—

MzeeWaJalada aliandika:

Nne.

Lakini elewa kwamba zile 90 zilirudisha gharama yote ya uchapaji. Kuanzia hapo sikuwa na deni kichwani.

—

Mwanzilishi wa uzi alijibu:

Hapo umenishinda, na nitalikubali waziwazi: mwandishi asiye na deni kichwani anaandika vizuri zaidi, na mimi sikulifikiria hilo nilipokuwa naandika uzi. Ningependekeza tu kwamba siku kama ile isiishe bila kuvuna kitu cha kesho. Watu wote hao wamekuja, wamekaa, wamesikiliza dondoo. Wangapi uliwapa karatasi waandike anwani zao? Na ni dondoo gani uliyosoma? Waandishi wengi kwenye uzinduzi husoma ukurasa wa kwanza kwa sababu ni wa kwanza. Ni afadhali kusoma ule unaoishia pabaya, kisha ukafunga kitabu na kukaa chini.

—

MzeeWaJalada aliandika:

Karatasi sikuwapa hata mmoja. Na nilisoma dibaji.

—

Kinolewacho aliandika:

Dibaji, mzee? Haya. Swali langu lingine ni la maoni kwenye Amazon. Kuna watu wananifuata wakisema watanipa maoni hamsini ya nyota tano kwa malipo kidogo. Kitabu kisicho na maoni kinaonekana kama duka lisilo na mteja, nami nimeshawishika.

—

Mwanzilishi wa uzi alijibu:

Usithubutu. Amazon hairuhusu maoni ya kulipiwa, wala hairuhusu ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi kuandika maoni. Ikiyagundua huyafuta, na inaweza kuifunga akaunti yako pamoja na vitabu vyote vilivyomo. Nchini Marekani kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 imepiga marufuku kabisa kununua na kuuza maoni ya uongo. Kinachoruhusiwa ni kumpa msomaji nakala ya bure na kumwachia uhuru wa kuandika au kutoandika, kusifu au kuponda.

Majaribu haya ni ya kale, usijione wewe ni wa kwanza. Walt Whitman alipojichapishia mashairi yake Leaves of Grass mwaka 1855, nakala zipatazo mia nane, alijiandikia mwenyewe uhakiki wa kujisifu magazetini bila kuweka jina lake. Sijui kama sifa hizo zilimpatia msomaji hata mmoja. Kilichomfaa ni nakala aliyompelekea Ralph Waldo Emerson, mwandishi aliyekuwa akiheshimika nchini humo, ambaye alimjibu kwa barua ya kumpongeza kwa kuanza kazi kubwa. Whitman, kwa tamaa yake, aliyachukua maneno ya barua hiyo akayapiga kwa rangi ya dhahabu kwenye uti wa toleo la 1856 bila kuomba ruhusa. Sisifu hilo la pili. Ninachotaka ukione ni kwamba msomaji mmoja wa kweli, aliyeandika kwa hiari yake, alikuwa na thamani ya kupigwa dhahabu, na sifa za kujipachika zimebaki kuwa kichekesho kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini.

Kwa kuwa umeitaja Amazon, niongeze jambo ambalo wengi hulisaini bila kulisoma. Ukiingiza kitabu cha kielektroniki katika mpango wa KDP Select, ulio chini ya KDP, huduma yao ya kujichapishia vitabu, umekubali kwamba kwa siku 90 toleo hilo halitapatikana popote pengine, na sehemu unayoruhusiwa kuionyesha kwingine kama kionjo haizidi asilimia 10. Mkataba hujirudia wenyewe usipouzima. Kama unakusudia kuweka riwaya yako sura kwa sura mitandaoni, usiingie humo, au maliza kwanza moja kabla ya jingine. Toleo la karatasi haliguswi na sharti hilo.

Matangazo ya kulipia nitayapitia kwa kifupi kwa sababu yanastahili ufupi. Nilijaribu kwa wiki tatu. Yalileta watu wengi ukurasani na wanunuzi wachache, na fedha iliyotoka ilizidi iliyoingia. Nayaona kama upepo: yanafaa pale ambapo moto umeshawaka.

—

ZamuYaUsiku aliandika:

Nimejiunga leo ili niandike hapa tu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka kumi na saba, na yale maelezo ya jalada la nyuma yamenikera tangu nilipoyasoma asubuhi. Mgonjwa akifariki, vitu vyake haviguswi na mtu mmoja. Huhesabiwa na wawili, huorodheshwa, na wote wawili husaini, hata kama ni koti peke yake. Kwa hiyo huyo muuguzi wako asingeweza kulikunja koti na kukuta barua bila mwenzake kuiona. Mwenzake alikuwa wapi?

—

Mwanzilishi wa uzi alijibu:

Dada, au kaka, hilo lilikuwa sahihisho la tisa kati ya yale kumi na manne, na ndilo lililonilazimisha kuiandika upya sura ya tano yote. Orodha ipo, na ina saini mbili. Mmoja wa waliosaini hakuwa zamu usiku ule.

Niandikie faraghani, nikutumie sura ya kwanza.

—

ZamuYaUsiku aliandika:

Nimekuandikia. Nitumie mpaka hiyo ya tano.